Kanzu Moja ya Mshenga

Hapo zamani, si ile ya mazimwi, hii ya juzi ya simu za kupapasa, Mwanakombo binti Kheri alichumbiwa na Shomari, mwana wa Bi Zumra. Wenyewe walipendana. Waliogombana ni wazee wao: pilau ya harusi ipikwe ua wa nani? Mshenga, Mzee Bofu, akabeba matusi kwenda, akabeba matusi kurudi, hata akachoka, akatorokea kwa dada yake.

Ndugu watatu wa Mwanakombo wakatengeneza kijidirisha mtandaoni, wakawawekea wazee simuni. Unatia neno huku, linatokea simu ya kule vilevile. Wakaona hiyo vilevile ndiyo balaa, wakakiongezea kanuni bila kuwaambia wazee.

Mwatime akakiamuru: neno lisipite bila salamu. Haruni akakiamuru: tusi lifuliwe liwe sifa. Chande, mvivu wa kusoma, akakiamuru: neno likizidi urefu wa kiganja, likatwe.

Bi Zumra akaandika, "Wewe bahili, ndoa imekufa."

Likatiwa salamu, likafuliwa, likakatwa. Mzee Kheri akasoma: "Salaam aleikum. Hamjambo? Watoto? Kuku? Mvua huko? Wewe mkarimu," basi, hapo hapo.

Akajibu, "Wewe mchokozi, binti simtoi."

Likatiwa salamu, likafuliwa, likakatwa. Bi Zumra akasoma salamu, kuku, mvua, "Wewe mchangamfu." Akajitazama kwenye kioo.

"Namwambia ndoa imekufa, ananiulizia kuku," akasema. "Huyu mzee ana moyo."

Na Mzee Kheri, kwa kuitwa mkarimu kila asubuhi, akaona haya. Akapeleka mchele na mbuzi ua wa Bi Zumra. Ndoa ikafungwa.

Sasa kanzu ya kumtuza mshenga ni moja.

"Yangu," akasema Mwatime. "Bila salamu zangu ndefu, mkasi wa Chande ungekata nini? Ndoa ingekufa."

"Na huo ubahili ungefika haujafuliwa," akasema Haruni. "Baba angepeleka mbuzi au panga?"

"Nyie mlipamba," akasema Chande. "Aliyekata kifo cha ndoa ni mimi. Tena mkasi niliuweka mwisho. Ningeuweka mwanzo, neno fupi lingepita zima kabla salamu hazijalirefusha."

Mara akaingia Mzee Bofu na vumbi la safari, akaipima kanzu begani.

"Inanikaa," akasema. "Nisingetoroka, nyie mngetengeneza nini?"

Basi wajukuu zangu, kanzu bado imekunjwa. Je, nani alistahili kuivaa?