Zimwi Lililotaka Mwimbaji Bora

Hapo zamani, watu walipoogopa baraza kuliko simba, palikuwa na mji ambao wimbo haukuwa wimbo mpaka mtunzi wake azikwe. Mtunzi akiwa hai, hizo zilikuwa kelele. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mzee Shekue, bingwa wa nyimbo za marehemu. Kila Tunu, binti mfinyanzi, alipompelekea wimbo wake mpya, mzee alimjibu:

"Mzuri, mjukuu wangu. Kwanza ufe."

Siku moja zimwi likashuka kisimani, likamkamata Chiku, mtoto wa Bi Somoe. Likamfumbata mkononi, kikabaki kichwa tu. Likapanua kinywa.

Mzee Shekue akaimba wimbo wa kale. Zimwi likapiga miayo, likasinzia, kinywa kikajifunga. Lakini ngumi haikufunguka. Vidole vikazidi kukaza, uso wa Chiku ukaanza kuwa wa majivu.

"Mwanangu anakufa!" Bi Somoe akapiga ukunga.

Tunu akaimba wake, bila kibali. Zimwi likazinduka, likatikisa mabega, likapiga makofi! Mtoto akaangukia mikononi mwa mama yake.

Kabla watu hawajashusha pumzi, zimwi likaziba njia.

"Tamu zote mbili. Aliyeimba vizuri zaidi naondoka naye, aniimbie mpaka nimchoke. Nikimchoka, namla."

Ghafla masikio ya mji yakazibuka. Wazee wakasema, "Wa Tunu! Muziki ndio huo!" Vijana, waliozoea kucheka nyimbo za wazee, wakapaza sauti: "Ya kale dhahabu! Mzee hana mfano!"

Baraza likaomba muda wa kutafakari. Zimwi likakataa.

"Mimi nimelilaza tu," Mzee Shekue akajitetea. "Nusura nimuue mtoto. Mwimbaji ni Tunu."

"Mimi ni kelele, babu, umesema mwenyewe. Bila wewe Chiku angekwisha tafunwa, mimi sijafungua hata kinywa."

Zimwi likamwinamia Bi Somoe. Pumzi yake ilinuka mifupa.

"Mtoto ni wako, basi hukumu wewe. Nami nina masikio: ukisema uongo, namrudia huyo."

Bi Somoe akambana Chiku kifuani. Akamtazama mzee, mzee akatazama chini. Akamtazama Tunu, Tunu alikuwa akilia bila sauti.

Haya, nyinyi mnaojua muziki, msinitazame mimi. Zimwi linasubiri. Je, nani aliimba vizuri zaidi?