Fisi Mwonja Vyungu na Muhogo wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na mafiga yao, wakigombana juu ya chumvi kama sisi, njaa iliingia katika nchi ya majabali. Mtama ulikauka ungali mchanga. Kunde zilitoa maua, maua yakaanguka, basi. Mama akimwita mtoto kuja kula, mtoto aliuliza kwanza, "Kula nini?"

Katika majabali hayo aliishi Bi Pimbi, mjane, mdogo wa mwili na mwepesi wa miguu. Alikuwa na watoto wawili, Somoe na mdogo wake Tunu. Bi Pimbi alijua kupika, wanangu! Akikupikia kisamvu ungeapa kina nyama ndani, kumbe ni majani tu na karanga za kutwanga.

Alikuwepo pia Bwana Fisi. Huyu hakuwa na mafiga wala chungu, na tangu azaliwe hajawahi kumenya kitu. Kazi yake ilikuwa kuonja. Chakula kikipakuliwa tu, utamwona huyo, kwata kwata kwata, anapita mbele ya nyumba za watu. Na desturi mnaijua: mtu akikupitia unakula, lazima umwambie karibu. Mwenye adabu hujibu, "Asante, endeleeni," akaenda zake. Fisi alijibu, "Nimekaribia!" akakaa.

Akishakomba sahani alisimama njiani na kutangaza:

"Enyi wapenda chakula! Nimegundua! Mkitaka mlenda, nendeni kwa Mama Digidigi. Unateleza wenyewe, hata kutafuna hutafuni!"

Mama Digidigi alifurahi. Nani hafurahi kusifiwa? Lakini kabla jua halijazama, nyumba ile ilikuwa na kilio. Mtoto mmoja hakuonekana tena. Ikawa hivyohivyo kwa Mama Swala, aliyesifiwa kwa uji wake. Ikawa hivyohivyo kwa Kanga, jirani yake Bi Pimbi, aliyesifiwa kwa kunde.

Kanga alikuwa bado yumo msibani alipokuja kwa Bi Pimbi, macho yamevimba. Hata hivyo hakuja mikono mitupu. Alishika fungu la mchicha, dogo kama kiganja.

"Chukua, shoga. Wapikie watoto."

"Kanga, wewe mwenyewe huna kitu!"

"Chukua. Halafu nisikilize. Ni Fisi anayekula watoto wetu. Nimeona unyoya wa mwanangu kwenye meno yake."

Bi Pimbi alikaa chini, pu!

"Nilimuuliza," Kanga akasema. "Unajua alinijibu nini? 'Penye chungu kitamu, pana mtoto mnono.' Akacheka. Ningemfanya nini mimi, na mbawa hizi? Sasa anauliza njia ya kuja kwako. Shoga yangu, akionja, asione utamu."

Siku ya pili Bi Pimbi alipika vibaya kwa makusudi. Aliuacha mchicha ukaungua, akamwaga maji mengi, hakutia chumvi wala karanga. Mikono yake ilikuwa ikikataa, lakini aliilazimisha.

Kwata kwata kwata!

"Hodi wapishi!"

"Karibu, Bwana Fisi," akasema Bi Pimbi. "Chakula chenyewe ndio hiki. Nyumba haina hata chumvi."

Fisi alijaza mdomo. Mara, ptuu!

"Nini hiki? Maji ya kuoshea chungu? Watu wanasema wewe ni fundi!"

"Watu wanasema mengi, bwana."

Fisi aliinuka kuondoka, na Bi Pimbi akaanza kushusha pumzi. Ndipo Tunu, aliyekuwa hajui lolote, akasema kwa sauti nyembamba, "Mama, mbona leo hujatia chumvi? Si ile pale kwenye kibuyu?"

Somoe alimfinya mdogo wake, lakini maneno yalishatoka.

Fisi aligeuka polepole. Akamtazama Tunu, kuanzia masikio mpaka nyayo, kama mtu anayechagua kitu sokoni.

"Ahaa. Kumbe chumvi ipo. Bi Pimbi mwongo wewe! Unanificha vitamu ule peke yako na wanao. Haya. Kesho nakuja tena. Nikikuta uchafu kama huu, sitauliza tena habari za mchicha." Akampapasa Tunu kichwani. "Hata bila kiungo, huyu analika."

Akaondoka. Tunu alilia mpaka akapata kwikwi, akisema, "Mama, nisamehe." Bi Pimbi alimpakata, akamfuta kamasi kwa upindo wa nguo yake.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Umesema ukweli. Ukweli si kosa."

Akawa anambembeleza hivyo. Mara maneno yake mwenyewe yakamrudia masikioni. Ukweli.

Asubuhi aliamka, akachukua jembe na kwenda kwenye mashina machache ya muhogo mchungu yaliyosalimika shambani mwake. Muhogo ule mnaujua. Ni mweupe, mzuri wa macho, lakini ni sumu. Lazima uumenye, uuloweke majini mpaka ulegee na kutoa harufu, uuanike mpaka ukauke kau, ndipo uutwange upate unga. Mama yeyote wa nchi ile alilijua hilo, hata mtoto aliyewahi kumshikia mama yake ungo. Asiyelijua ni yule anayefika chakula kikiwa sahanini.

Bi Pimbi alichimba, akamenya, akapanga vipande vyeupe kwenye tenga. Aliwapeleka watoto kwa Kanga, akamwambia, "Wafunike kwa mbawa zako, na usiwaachie hata wakilia." Akarudi, akalifunika tenga kwa nguo yake nzuri, ile ya sherehe. Kisha akakaa juu yake.

Kwata kwata kwata!

"Hodi!" Fisi hakungoja kukaribishwa. "Chakula kiko wapi?"

"Sijapika, Bwana Fisi."

"Hujapika! Na hicho ulichokikalia?"

"Ni muhogo tu. Nakuomba uuache. Huu haujawa chakula bado. Unalowekwa kwanza, unaanikwa, unatwangwa. Ukiula hivi ulivyo, utakufa."

Fisi alicheka mpaka mate yakamruka.

"Jana nyumba haina chumvi, leo muhogo unaua! Kesho utasema maji yanaunguza! Hiyo nguo ya sherehe umefunikia sumu?"

"Bwana Fisi, jana nilikudanganya. Leo sikudanganyi. Usile."

Aliyasema hayo akimtazama machoni, na kila neno lilikuwa kweli. Na alijua, wanangu, alijua kabisa kwamba kila anavyozidi kukataza, ndivyo mwenzake anavyozidi kumeza mate. Alishuka, akalikumbatia tenga kwa mikono miwili kama mtu anayekumbatia mtoto.

"Toka hapo, mchoyo mkubwa!"

Fisi alimsukuma, Bi Pimbi akaviringika mpaka ukutani. Nguo ikatupwa kule. Kakacha! Kakacha! Kakacha!

"Mmh!" Fisi akasema, mdomo umejaa. "Una uchungu kwa mbali! Lakini uchungu wenyewe wa kistaarabu. Umebaki ulimini. Huu ndio ugunduzi! Na mlikuwa mnaula wenyewe, kimyakimya!"

"Acha, Bwana Fisi. Umetosha huo."

"Utosheke wewe!" Kakacha! Kakacha! Tenga likabaki tupu. Fisi akatoka nje, akasimama njiani kama ilivyo kawaida yake. "Enyi wapenda chakula! Nimegundua! Muhogo wa Bi Pimbi, haupikwi, hautiwi chumvi, nendeni kwa..."

Akashika kichwa.

"Bi Pimbi, mbona majabali yanazunguka?"

Fisi alipiga hatua moja, akayumba. Akatapika. Akapiga hatua nyingine, miguu ikakataa, akaanguka mlangoni, puu! Pumzi ilimtoka kwa shida, khrr, khrr, na macho yalikuwa yamemtoka kama anayemtafuta mtu.

"Maji," akasema.

Bi Pimbi angeweza kukaa kimya. Maji yenyewe yalikuwa ya tabu, kibuyu kimoja cha siku nzima. Lakini alichota, akakiinua kichwa kile kikubwa kilichokuwa kimemtisha Tunu, akamnywesha kidogokidogo. Mengi yalimwagika.

"Uliniambia kweli," Fisi akanong'ona.

"Nilikuambia kweli."

"Mbona hukusema... kwa sauti ya kweli?"

Bi Pimbi alikishika tu kichwa mpaka kikawa kizito, kikatulia.

Kanga alikuja mbio, watoto nyuma yake. Alipomwona Fisi amelala alipiga kigelegele. Kikamkatikia njiani, kikageuka kilio, maana mwanawe hakurudi kwa kufa kwa Fisi.

"Shangilia basi wewe, shoga!" akasema huku analia. "Umetuokoa!"

"Siwezi, Kanga. Amefia mikononi mwangu."

Tunu aliutazama mwili ule mkubwa, akamshika mama yake nguo. "Mama, si ulimwambia asile?"

"Nilimwambia, mwanangu."

"Sasa mbona alikula?"

Bi Pimbi alimbeba Tunu mgongoni, akaanza kukusanya mawe ya kumfunika marehemu, na Kanga akamsaidia.

Hadithi yangu imelala hapo alipolala Fisi, na jibu la Tunu nawapa mimi: mlafi akionywa, yeye husikia ananyimwa.