Vyungu vya Gredi ya Nane

Mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi thelathini na wanane. Jina lake lilikuwa Mghoi, na alifundisha sanaa katika shule moja ya vilima vya Taita, gredi ya nane, watoto wa umri ule ambao mtu si mdogo wa kubebwa wala si mkubwa wa kuachwa. Kila Jumatano na Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, darasa lake liligeuka karakana. Madawati yalisukumwa ukutani, magunia yakatandazwa sakafuni, watoto wakaketi chini na kufanya kazi kwa mikono: wiki hii kusuka, wiki ijayo kuchonga vipande vya sabuni, nyingine kutia vitambaa rangi ya majani na magome. Kelele zao zilifika hadi barabarani. Wapita njia walidhani kuna harusi.

Mwalimu mkuu hakufurahia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hisabati, na alitaka kila jambo liwe na jibu moja mwishoni. Siku moja alisimama mlangoni, akauliza, "Mwalimu, hiki ni kipindi au ni gulio?" Kisha akamweleza kwamba siku ya wazazi ilikuwa karibu. Kamati ya shule ingekuja, ingetazama kazi za watoto, na siku hiyohiyo ingeamua kama sanaa ibaki na vipindi vyake viwili au vipewe somo lenye manufaa.

Mghoi akachagua ufinyanzi. Udongo ulikuwa kule kijitoni, mwekundu na mzito, haukumdai mtu ruhusa. Watoto waliuchota kwa ndoo, wakauchambua vijiwe, wakaukanyaga kwa miguu huku wakiimba. Aliwafundisha kuuviringisha uwe kama kamba, kuizungusha kamba juu ya kitako, kuziba nyufa kwa kidole gumba, na kulainisha kwa kipande cha kibuyu. Kila mmoja aliandika jina lake chini ya chungu kwa mwiba. Vyungu vile vilikuwa vituko. Kimoja kiliinama kama mtu anayesikiliza umbea dirishani. Kingine kilikuwa na mdomo mpana kuliko tumbo. Malemba, binti mwembamba mwenye kicheko cha ghafla, alikipa chake masikio mawili ya kushikia, moja juu kabisa na moja karibu na kitako. Alipoulizwa sababu, alisema la juu ni la mtu mrefu. Darasa zima likaangua kicheko, na Mghoi akacheka mpaka akafuta machozi.

Lakini watoto walipokwenda nyumbani, alibaki peke yake na vile vyungu, na akaanza kuvitazama kwa macho ya kamati. Hofu ikamwingia. Akakichukua kile kilichoinama, akalowesha vidole, akakinyoosha. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. "Hiki kimoja tu," alijiambia. Ila chungu kilichonyooka kilimfanya jirani yake aonekane amepinda zaidi, naye akamnyoosha jirani, na jirani wa jirani. Aliyaweka masikio ya Malemba usawa mmoja. Alikwangua vitako ili vyungu visimame vizuri, na majina yakaenda na udongo uliokwanguliwa. Hilo hakuliona. Alipofunga mlango jioni ile, vyungu thelathini na vinane vilikuwa vimepangwa juu ya ubao kama askari kwenye gwaride, naye moyo wake ulikuwa umetulia.

Ijumaa watoto waliingia, wakatazama, wakanyamaza. Hakuna aliyelalamika, nani alalamike kukuta kazi yake imekuwa nzuri? Mmoja alisema asante. Siku ile ilikuwa ya kuchora nakshi; kila mmoja akachukua chungu kilichokuwa karibu, na hakuna aliyeimba. Mtoto mmoja alichora mistari miwili, akaweka mwiba chini, akamwambia mwenzake, "Acha tu, Mwalimu atamalizia." Mghoi alisikia maneno hayo, akayachukua kuwa sifa. Akamalizia vyote. Siku ileile mwalimu mkuu alipita mlangoni, akakuta kimya, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Vyungu vilipokauka wakavichoma kwa kuni na nyasi kavu nyuma ya uwanja, na hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Siku ya wazazi ikafika. Ilikuwa desturi ya shule ile kila mtoto amshike mzazi wake mkono, ampeleke hadi kwenye kazi yake na kumweleza alivyoifanya. Kamati ilitangulia. Mwenyekiti wake, mama mnene aliyevaa kitenge kipya na viatu vya kubana, alivisifu vyungu akisema vinaweza kuuzwa hotelini kwa watalii. Mwalimu mkuu alitabasamu. Mghoi alisimama pembeni, kichwa juu.

Nyuma ya kamati aliingia baba yake Malemba, Mzee Mwadime, mvunja mawe katika machimbo ya mbali. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja na kuondoka alfajiri. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na vumbi la mawe lilikuwa bado kwenye kucha zake. Alimshika binti yake bega, akasema, "Haya mama, nionyeshe chako."

Malemba akaenda mwanzo wa safu, akapita polepole hadi mwisho. Akarudi. Aliinua chungu kimoja, akatazama chini yake, akakirudisha. Akainua kingine. Watoto wengine wakaanza kufanya hivyohivyo, mmoja huku, mmoja kule, wakipindua vyungu na kuvirudisha, wazazi wao wakingoja. Ndipo Malemba akamgeukia baba yake, akasema bila uchungu wowote, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba aliyemfuata amehama:

"Baba, changu hakipo. Vyote hivi ni vya Mwalimu."

Mzee Mwadime hakukasirika. Alimtazama Mghoi kama mtu aliyetoka mbali na kukuta nyumba imefungwa, na mtazamo huo ulikuwa mzito kuliko hasira. Mghoi angeweza kujiokoa. Ilitosha kunyoosha kidole kwenye chungu chochote na kusema, hiki hapa, umesahau. Nani angebisha? Alivitazama vile vyungu vizuri, vya mdomo mmoja na tumbo moja, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba amekionyesha kijiji kizima sura yake mwenyewe mara thelathini na nane. Kamati ilikuwa pale, mwalimu mkuu alikuwa pale, na vipindi vyake viwili vilikuwa vinaning'inia kwenye neno lake.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Niliogopa mtazicheka kazi zao, nikazificha ndani ya zangu. Wanangu, nisameheni."

Basi Mghoi akafanya jambo la pekee lililomjia. Nyuma ya darasa palikuwa na pipa la udongo uliobaki, umefunikwa kwa gunia bichi. Akaomba lisukumwe uwanjani, akawaambia wazazi kwamba mwenye nafasi akae, watoto wafinyange mbele yao. Kisha akafunga mikono nyuma ya mgongo.

Mwanzoni watoto walisitasita wakimtazama. Halafu mmoja akachota donge, na wa pili, na punde magunia yaliyotandazwa uwanjani yakajaa watu. Malemba akamtilia baba yake donge kiganjani. Mtu yule aliyepasua miamba kwa nyundo akaushika udongo kwa hofu, ukamponyoka kati ya vidole. "Punguza nguvu, Baba," binti yake akamwambia, "huu hauna ugomvi na wewe." Watu wakacheka. Mama mwenyekiti akavua vile viatu vya kubana kwa furaha isiyofichika, akaketi chini, akakunja kitenge. Mwalimu mkuu alisimama kando mpaka mtoto mmoja alipomwekea donge mkononi bila kumuuliza. Chungu chake kilianguka mara tatu. Mara ya nne alitangaza kwamba tangu mwanzo alikuwa anatengeneza sahani. Mtu akaanzisha wimbo wa kukanyagia udongo, na wapita njia wakaja kuchungulia ni harusi ya nani.

Mghoi alizunguka kati yao. Aliona ukuta wa chungu kimoja ukianza kulala, na mguu wake ukatangulia kabla ya akili. Akajizuia. Akachuchumaa kando ya mtoto, akamuuliza, "Upande huu unauonaje?" Mtoto akatazama, akainamisha kichwa, akatazama tena. Kisha akautegemeza kwa kidole chake mwenyewe. Haukunyooka sana. Lakini ulisimama, naye mtoto akainua uso uking'aa, na Mghoi akaona kwamba katika kunyoosha kwake kote hakuwahi kuuona uso ule.

Kamati haikupiga kura siku ile. Mwenyekiti alisema hawezi kushika kalamu, ana udongo hadi viwikoni, na waache ratiba kama ilivyo. Baada ya wiki mbili vyungu vipya vilichomwa, na saba vikapasuka. Wenye vile saba walinuna kidogo, kisha wakaja kuomba udongo mwingine. Vile vizuri vya mwanzo hakuna aliyeviomba. Vilipelekwa ofisini, vikawekewa kalamu na chaki. Vilivyopinda vilibebwa nyumbani kwa mikono miwili. Mzee Mwadime alikwenda na cha binti yake hadi machimboni, na kila aliyekicheka aliambiwa aketi kwanza asikie kilivyotengenezwa.

Wewe uliyepewa wengine uwalee, iwe nyumbani, kazini au kanisani: ni kazi ya nani uliyoinyoosha mpaka ikampotea mwenyewe?