Bomba la Sultani na Udongo wa Ukilini

Hapo zamani, katika mji wa Kilimbwe, palikuwa na Sultani aitwaye Badawi, na Sultani huyo alijenga hamamu, nyumba ya kuogea, yenye sakafu ya marumaru na mabirika kumi na mawili, ila haikuwa na maji. Chemchemi ilikuwa upande wa pili wa mji, na kati ya chemchemi na jumba la Sultani palikuwa na Mtaa wa Ukilini, nyumba thelathini na moja za wasusi wa mikeka na vikapu. Basi Sultani akaamuru yachomwe mabomba ya udongo, kila moja unene wa kiuno cha mtu mzima, yazikwe ardhini toka chemchemi hadi jumbani, tena yapite katikati ya mtaa huo. Ndiyo iliyokuwa njia fupi, na watu wa Ukilini hawakuwa na desturi ya kuulizwa.

Siku ya Ijumaa siwa ikapigwa. Siwa ni baragumu la enzi, na sheria ya Kilimbwe ilikuwa kwamba amri iliyotangazwa kwa siwa haifutwi wala haibadilishwi, hata na yeye aliyeitoa. Babu yake Sultani aliwahi kubadili amri moja mara tatu katika juma moja, watu wakamcheka hadi akaugua tumbo, na tangu hapo ukoo mzima ukaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Akida Sudi, msimamizi wa kazi, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akasoma.

"Enyi wenyeji wa Ukilini, Sultani anawasalimu. Kuanzia kesho mtarajie vumbi. Mtarajie kelele toka alfajiri hadi magharibi. Mtaro utapita mbele ya milango yenu, kina chake kifua cha mtu, kwa hiyo wazee na walevi watarajie kutumbukia. Kisima chenu kimekaa kwenye njia ya mtaro, basi kitafukiwa. Mafundi watapanga mabomba, na kila mwenye nyumba atayaunga kwa chokaa yaliyo mbele ya mlango wake, kisha atafukia. Na siku kazi itakapokwisha, udongo wote uliotoka mtaroni urudi mtaroni. Usibaki hata kiganja juu ya njia, wala usipelekwe pengine, na njia iwe tambarare kama zamani. Atakayeacha lundo au tuta, nyumba yake ni ya Sultani. Mwisho, mtarajie kushukuru."

Katika watu waliosikiliza alikuwamo Vuai, msusi wa vikapu mwenye kanzu moja, ambaye mji mzima ulimhesabu kuwa mpumbavu. Aliwahi kuambiwa na jirani amlishe punda hadi aseme basi, akakaa siku nne akimngoja punda aseme. Vuai akanyanyua mkono.

"Akida, kisima kikifukiwa, tutakunywa nini?"

"Maji yatapita hapa hapa, Vuai."

"Hapa wapi?"

"Chini ya miguu yako."

"Na tutayafikiaje?"

"Hamtayafikia. Yatapita."

"Nimeelewa," akasema Vuai. "Ni kama karamu ya jumbani. Sisi fungu letu ni harufu."

Watu wakacheka, Akida akakunja karatasi yake, na kesho yake vumbi likaja kama lilivyoahidiwa.

Ikawa miezi miwili wanawake wa Ukilini wanateka maji Mto Jongwe, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Mize, mke wa Vuai, alirudi siku moja na nusu mtungi, nusu nyingine ikiwa imemlowesha mgongo. Akautua mbele ya mumewe.

"Bwana, wewe ulisimama mbele ya watu ukauliza maji yako wapi. Umeshapata jibu?"

"Bado."

"Basi kalitafute. Mimi miguu yangu haitafika msimu wa masika."

Vuai alikuwa akimtazama jirani yao Bi Kidawa, bibi kizee wa nyumba ya kwanza, ambaye alikuwa amemaliza kuunga mabomba yake na kufukia mtaro, na sasa alizunguka lundo la udongo lililobaki juu. Alikuwa amelikanyaga, amelipiga kwa mchi, amelimwagia hata maji ya kuogea, nalo likakataa kuingia.

"Mwanangu Vuai," akasema, "nimerudisha kila kilichotoka. Huu mwingine umezaliwa lini?"

"Haukuzaliwa, Bibi. Ulikuwamo. Sasa mahali pake pamelala bomba."

Akachutama kando ya lile lundo, akaliangalia kama mtu amwangaliaye mgeni asiyetaka kuaga. Udongo usibaki juu. Usipelekwe pengine. Urudi mtaroni. Na mtaro umejaa. Akaligeuza jambo hilo kichwani huku na huku, kisha akaona kwamba mtaro haukujaa. Palikuwa na nafasi, ndefu, ya mviringo, safi, iliyochomwa kwa kuni za Sultani mwenyewe.

Akaita wenye nyumba wote.

"Kabla hamjaunga," akawaambia, "kila mtu aujaze udongo wake uliozidi ndani ya bomba lake. Aushindilie vizuri. Bi Kidawa tutamfukulia na kumfungulia."

Mmoja wao akasema, "Vuai, Sultani atatukata vichwa."

"Mkiulizwa, semeni ni Vuai. Kichwa changu mnakijua, hakina kitu ndani, hasara ni ndogo."

Mize akamtazama, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaza kikapu.

Siku ya ukaguzi Akida Sudi alikuja na ndimu mkononi. Mbele ya kila mlango aliiweka chini, akachutama kuona kama itabingirika upande wowote. Haikubingirika. Alikagua nyumba zote thelathini na moja, na kwa kila nyumba uso wake ulizidi kukunjamana, maana alikuwa ameshachagua tatu za kumpa shemeji yake.

Basi Sultani akaalika mabwana wa miji saba waje kuona hamamu. Wakaja na makoti ya hariri, wakapanga mstari kando ya mabirika. Sultani akapiga kofi, huko chemchemini mlango wa maji ukafunguliwa, wakangoja. Wakala tende. Wakangoja tena. Mwisho bomba likakohoa, likatoa bonge moja la tope, likampiga bwana wa mji wa tatu kwenye kilemba, na nyuma yake akatoka chura. Kisha kimya.

Kabla ya adhuhuri Vuai alikuwa mbele ya kiti cha enzi.

"Ni wewe uliyetia udongo katika bomba langu?"

"Ni mimi, Bwana wangu, kwa amri yako. Siwa ilisema udongo wote urudi mtaroni. Tuliutafutia nafasi kila mahali, na nafasi pekee ilikuwa humo."

Mabwana wa miji saba wakainamisha nyuso, na mabega yao yakaanza kutikisika. Sultani akaona kicheko kilichompata babu yake kinamrudia yeye.

"Siku tatu," akasema. "Udongo utoke bombani, wala usiufukue mtaro. Usipoweza, Ukilini yote itahama mji huu, na wewe utaitangulia ukiwa umefungwa kamba."

"Bwana wangu, udongo uliokwama husukumwa na maji, na maji yasukumayo yataka mahali pa kutokea karibu. Nipe ruhusa ya tundu moja tu, mbele ya mlango wangu, la kutolea udongo."

"Toboa hata kumi. Ondoka."

Vuai akatoboa moja, toka juu ya njia hadi bombani. Watu wa Ukilini wakaja na mianzi mirefu, wakachokoa, na maji yakasukuma. Siku ya kwanza likatoka tope zito, siku ya pili tope jepesi, siku ya tatu maji mekundu, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji. Mize akaweka mtungi kwenye tundu, ukajaa kabla hajamaliza kujifunga kanga. Akakaa chini, akacheka peke yake. Na kule hamamuni mabirika kumi na mawili yakafurika.

Asubuhi ya siku ya nne Akida akaenda jumbani kusema kwamba Ukilini wanateka maji ya Sultani. Sultani akaja mwenyewe juu ya farasi, na Akida nyuma amebeba kizibo cha mti. Wakakuta tope lililokauka limekuwa lundo moja kubwa kando ya tundu, na wenye nyumba thelathini na mmoja wamesimama kulizunguka, kila mmoja na kikapu kitupu.

"Mnangoja nini?" akauliza Sultani.

"Tunangoja useme kazi imekwisha, Bwana wangu," akasema Vuai.

"Inakwisha sasa hivi. Akida, ziba."

Hapo wote thelathini na mmoja wakainama, wakaanza kujaza vikapu.

"Simameni. Mnafanya nini?"

"Siwa ilisema siku kazi itakapokwisha, udongo wote uliotoka mtaroni urudi mtaroni, usibaki kiganja. Huu umetoka mtaroni. Nasi, Bwana wangu, tunajua mahali pamoja tu unapoenea."

Sultani akatazama lundo. Akatazama tundu. Akakumbuka kilemba cha bwana wa mji wa tatu.

Akida akanong'ona, "Bwana, kwani hatuwezi kusema tu kwamba amri ile..."

"Siwa, Akida."

"Naam, Bwana."

Kwanza masharubu ya Sultani yakacheza, kisha tumbo, kisha akacheka hata farasi akasogea pembeni.

"Vuai, kazi hii haijaisha."

"Itaisha lini, Bwana wangu?"

"Ukiniuliza tena nitakufukia wewe. Nakuweka uwe msimamizi wake, na kila mwezi utapewa gunia la mchele ili isiishe. Nawe Akida, udongo huu hauna ruhusa ya kurudi wala kupelekwa pengine. Utaulinda. Usipungue, usizidi."

Basi Akida Sudi akaulinda, kwenye jua na kwenye mvua, akifukuza kuku. Bi Kidawa akawa anamletea maji ya kunywa, na kila akimpa kata ya maji humwambia atarajie kushukuru. Vuai alikula mchele wa Sultani miaka thelathini, akafa mzee. Lundo likaota majani, tundu likajengewa kwa mawe, na mgeni akiuliza mbona njia ya Ukilini ina kilima katikati, huambiwa avumilie kidogo, kazi bado inaendelea.