Mlima Uliomsindikiza Nakijwa

Mlima ulianza kutema moto Alhamisi, alasiri. Sikilizeni, wenzangu: Nakijwa hakutulia. Alimwachia mama yake mtoto, akatembea siku tatu kwenda kuutazama.

Alipotosheka, aliuaga kama anavyoagwa mwenyeji. "Ahsante, babu. Naomba niende."

"Ngoja nikusindikize," mlima ukajibu. Moto ukamfuata, ukiteketeza nyasi.

"Ishia hapa, babu."

"Bado."

"Babu, utachoka. Ishia hapa."

"Bado."

"Hapa panatosha, babu."

"Mgeni wangu nitamfikisha mlangoni."

Karibu na kwao, mama yake alitoka nje, mtoto mgongoni. "Nakijwa! Umetuletea nani huyo?"

Nakijwa aliwapa mgongo. "Kwangu ni huku, babu," akauambia mlima, akashika njia ya jangwani.

Wachungaji walimwona mara ya mwisho wiki iliyofuata, Jumamosi asubuhi, akitembea, moto nyuma yake.