Ua la Vanila Halingoji Mchana

Ndugu zangu, mtu ninayetaka kuwaeleza habari zake tumwite Zakayo Ndibalema. Nimelitazama daftari la usharika wetu tangu ubatizo wa kwanza, na jina hilo halimo. Kwa hiyo asiwepo wa kugeuka na kumtazama jirani yake. Mkewe tumwite Adelina. Na jirani, ambaye ndiye aliyemkosesha Zakayo usingizi, tumwite Eliezeri Katunzi.

Zakayo na Eliezeri walipata kipaimara siku moja, na walipokuwa watu wazima walipanda vanila siku moja. Eliezeri aliletewa marando na shemeji yake, akayagawa nusu kwa nusu na mwenzake. Miaka mitatu ikapita, mimea ikapanda juu ya miti ya mbono katikati ya migomba, ikachanua. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwa Eliezeri maganda yalining'inia vishada kwa vishada, mabichi na marefu kama vidole vya mkono. Kwa Zakayo lilikuwa ganda moja hapa, jingine kule, la kutafutwa kama sindano iliyodondoka mkekani. Mwaka uliofuata, hali ikawa ile ile.

Lau Zakayo angekuwa mvivu, ningenyamaza hapa tukaimba wimbo. Hakuwa mvivu. Alitandaza majani makavu shamba zima, akatia samadi ya ng'ombe wawili, akapalilia mpaka ungeweza kuketi chini kwa kanzu nyeupe. Eliezeri hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Hilo ndilo lililomchoma Zakayo. Kila alipopita penye uzio wa jirani alipunguza mwendo, akayahesabu maganda kwa macho, na akifika nyumbani chakula hakishuki.

"Amenipa marando tasa," akamwambia mkewe. "Mazuri kabaki nayo."

"Baba Koku, si mliyagawa pamoja? Hata kisu kilikuwa chako."

"Kisu kilikuwa changu, mkono ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyechagua."

"Basi kamwulize."

"Nimwulize mwizi kama ameiba?"

Adelina akaendelea kumenya ndizi. "Kwa jinsi unavyoyatazama, ya kwake yatakauka, na ya kwako yatakuwa bado hayajazaa."

Mnaujua wivu, ndugu zangu? Wivu hauanzi na nyumba ya jirani. Huanza kula nyumba ya mwenyewe. Zakayo akaanza kuona kwamba Eliezeri anaimba vibaya. Eliezeri akiombwa kuongoza sala, wote wakifumba macho, Zakayo alifumbua la kushoto amtazame anavyojidai. Mwisho akakata shauri: ataing'oa vanila yote, na atamshitaki Eliezeri mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Barua akaiandika kwa hati nzuri, na majina yote matatu ya mshitakiwa. Lakini alikuwa Mkristo aliyefundishwa. Alijua kwamba ndugu yako akikukosea, kwanza unamwendea wewe na yeye peke yenu. Basi asubuhi moja, saa moja na nusu, akaenda, barua i mfukoni.

Akamkuta Eliezeri shambani, kofia ameivua, mwiba wa mchungwa mkononi.

"Eliezeri, nina neno nawe."

"Karibu, waitu, ndugu yangu. Neno lako nitalisikiliza saa tano. Sasa nina kazi hii."

"Kazi gani isiyoweza kungoja?"

"Hili." Akamwonyesha ua moja, la manjano yenye ukijani. "Limefunguka alfajiri. Mchana linasinyaa. Kesho liko chini."

"Unanifundisha vanila? Mwiba ninao, kuchavusha najua. Nachavusha kila siku."

"Saa ngapi?"

"Nikimaliza shughuli zangu."

"Saa ngapi, Zakayo?"

Zakayo akaipitia siku yake kichwani. Asubuhi, taarifa ya habari redioni, maana mtu mzima hawezi kutoka hajui dunia imelalaje. Kisha njia panda, kwa kuwa yeye ni katibu wa chama cha kuzikana na watu wanamngoja. Hapo lazima pana shauri la mpaka, au mgonjwa wa kujuliwa hali. Kisha chakula. Ndipo shamba, kwa moyo wake wote, mpaka jua linazama.

"Saa nane," akasema. "Mara nyingine saa tisa."

Eliezeri hakucheka. Aliliinua ua, akakisukuma kile kigozi chembamba kilicho ndani kwa ncha ya mwiba, akabana taratibu kwa kidole gumba, akahamia ua jingine. Alisema akiwa amempa mgongo.

"Namna ya kushika mwiba nilikufundisha. Saa nilisahau kukuambia. Hilo ni la mwanzoni, na unisamehe. Lakini mwaka jana nilipita uzioni kwako nikayaona maua yako yameanguka juu ya majani makavu. Zakayo, shina langu lililo bora hunipa ua moja kwa siku, mawili nikibahatika. La kwako linatoa manne, matano. Ni ile samadi. Nikajua unachelewa. Nikasema nitakwenda kumwambia kesho. Kesho ikifika naiona tena ile samadi, mdomo unakuwa mzito. Miaka miwili nimekuonea wivu. Sasa sema neno lako."

Zakayo akaigusa barua mfukoni, akaiacha humo humo. Alikuja kumshitaki mtu kwa kumnyima, kumbe yeye ndiye aliyepewa zaidi. Akalitazama jua, akageuka, akaondoka hata kuaga akasahau. Njia panda walikuwa wamekwisha kusanyika.

"Katibu," mmoja akamwita, "mbona unatupita kama hutujui? Tunakungoja."

"Ninyi mnaweza kungoja," akasema, na hakusimama.

Sasa sisi. Humu ndani yupo mama ambaye akiomba, mgonjwa anatulia. Yupo mzee ambaye matusi hayamtoi katika amani yake. Tunawatazama, na moyoni tunasema, hawa walipewa Roho zaidi yetu. Nani alituambia? Tumewahi kuwauliza siku yao inaanza na nini? Sikusema kwamba kazi za Zakayo zilikuwa dhambi. Kumzika mfu ni wema, na kumtazama mgonjwa ni agizo la Bwana wetu. Lakini siku ya leo ilifunguka alfajiri kama lile ua, na saa yake ya kwanza tulimpa nani? Tuliipa redio. Tuliipa simu. Tuliwapa watu waliotusifu kwa kuwahi. Mungu tukamwekea ile saa ambayo kope zinashuka zenyewe, tukalala na nusu ya Baba Yetu mdomoni. Kisha tunashangaa kwamba imani yetu ina umri wa miaka thelathini na haina ganda la kuonyesha. Neema haikupungua. Ilianguka chini, siku baada ya siku, nasi tukiwa mahali pengine, tukifanya mema.

Kesho ni Jumatatu. Kabla hujafungua mlango wa mbele, fungua Zaburi moja uisome yote, kisha sema na Mungu kwa maneno yako mwenyewe, hata yakiwa matatu. Na Jumanne vivyo hivyo, maana ya Jumatatu haitakutosha.

Bado neno moja, nalo ni kwa wale ambao shamba lao linazaa. Wewe umemwona ndugu yako akichelewa mwaka mzima, nawe umenyamaza, kwa sababu akizaa atakupita. Usiingoje Jumapili ijayo. Yumo humu ndani leo, nawe unajua ameketi benchi la ngapi.