Cheti cha Moto cha Mzee Hoza

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yangu Zaina, binti wa Mzee Hoza, siku ya arobaini ya baba yake, hapa Korogwe, mwaka 1989. Wapo wanaosema 1990. Wanakosea, mwaka huo bibi alikuwa Handeni.

Hapo zamani Mzee Hoza alikuwa na nyumba ya vyumba vinane vya kupangisha. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, lakini wezi aliwaogopa kuliko Jehanamu. Madirisha yote aliyatia nondo. Mlango wa uani, ulioelekea chooni, aliufunga kwa kufuli kila baada ya Isha, na ufunguo akalala nao. Mwenye haja alisubiri Alfajiri. Tena aliapa mbele ya wapangaji wote:

"Atakayevunja kitu changu, au kuingiza haramu nyumbani humu, siku hiyo hiyo atatoka na godoro lake kichwani!"

Ikaja habari kwamba mkaguzi wa moto anapita nyumba za kupanga, na isiyo salama inafungwa. Mzee Hoza akashikwa na homa. Akaapa mara ya pili:

"Nikipata cheti, aliyenipatia nampa chumba cha mbele, bure, mpaka afe!"

Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha la barabarani, na hakikuvuja. Wapangaji wakaitikia amina ambayo msikitini haijawahi kusikika.

Mkaguzi akaja, bwana mwembamba aitwaye Mhina, na maswali matatu.

"Mzee, moto ukiwaka mbele, watu watatokea wapi?"

Mzee Hoza akatazama kufuli, ambalo asubuhi hiyo alikuwa hajalifungua. Mkaguzi akasukuma mlango. Kufuli likaanguka lenyewe, puu!

"Vizuri," akaandika.

"Na aliye chumbani, korido ikijaa moshi?" Akashika nondo za chumba cha tatu. Mbili zikamfuata mkononi kama miwa. "Vizuri sana. Wengi huzichomelea."

"Na maji ya kuzimia moto?"

Koridoni palikuwa na pipa lililofunikwa kanga. Mkaguzi akafunua, akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena, kwa uhakika.

"Yatazima. Lakini yasiguswe. Nitarudi baada ya mwezi."

Mwezi ukaisha, akarudi, akachovya, akaonja, akatema. Akagonga muhuri. Tatu kwa tatu. Ingepungua moja, nyumba ingefungwa.

Mzee Hoza akawaita wapangaji barazani.

"Nani kavunja kufuli langu?"

Kila mmoja akamtazama jirani yake.

"Nani kakata nondo zangu? Nani mwenye pipa?"

Wapangaji wakahesabu mabati ya paa.

"Nauliza kwa ajili ya chumba."

Watu watatu wakasimama kwa mpigo.

Akaanza Sekiete, fundi cherehani. "Nondo nimekata mimi, Mzee. Kila ikikaribia Idi wateja hunijazia mlango, wanataka nguo ambazo sijazigusa. Nitokee wapi? Siku kumi na moja nimesugua kwa tupa, huku mguu mmoja unakanyaga cherehani ili usisikie. Hakuna aliyetoka jasho kama mimi."

"Jasho la kukimbia suruali za watu!" akadakia Bi Namkunda wa chumba cha sita. "Kufuli nimelivunja mimi kwa mchi, Mzee, tumbo lilipoasi. Lakini yeye dirisha lake ni la peke yake. Mlango wangu wanapita vyumba vyote vinane. Hata mkeo."

Mke wa Mzee Hoza akatazama vidole vya miguu yake.

Mama Mbelwa akasubiri wanyamaze. "Hawa wamevunja, Mzee. Mimi nimeongeza. Lile pipa lilikuwa boha yangu ya miwa, ya harusi ya mdogo wangu."

"Boha? Pombe? Kwangu mimi?" Mzee Hoza akakaa chini.

"Pombe, baba. Mkaguzi kasema isiguswe, sikuigusa. Harusi imepita kavu, mdogo wangu hanisemeshi, na boha imekuwa siki. Wenzangu makosa yao wameyafaidi. Mimi langu limenila."

Mzee Hoza akashika kichwa. "Kwa kiapo cha kwanza mnatoka wote. Kwa cha pili, mmoja anapata chumba. Basi nitakayemchagua nimemsamehe, na wawili waliobaki wachukue magodoro yao. Nipeni nifikiri."

Akafikiri miaka mitatu. Akafa anafikiri. Neno lake la mwisho kwa bibi lilikuwa, "Waulize watu."

Chumba cha mbele hakijafunguliwa tangu siku hiyo. Mzee Hoza amekufa, mkewe amekufa, mkaguzi Mhina amekufa, na bibi Zaina alikufa mwaka 2011. Fundi Sekiete, Bi Namkunda na Mama Mbelwa wako hai, wote watatu, katika nyumba ile ile, na kila mmoja akikohoa, wawili hutoa kichwa mlangoni kuangalia. Ufunguo ninao mimi. Nikimpa mmoja, wawili wanatoka.

Je, nimpe nani?